Acheni Makunyanzi ya Wazee

Desemba iliyopita tulimzika babu yangu, baba mzazi wa baba, na picha iliyotangulia mbele ya jeneza haikuwa yake. Jina kwenye fremu lilikuwa lake. Mwaka wa kuzaliwa ulikuwa wake. Lakini yule mtu aliyekuwa nyuma ya kioo, mimi hata leo simjui.

Kosa ni langu, ndiyo maana naliandika mwenyewe. Baba alinipa kitambulisho cha taifa cha babu akaniambia, "Wewe ndiye msomi wetu, kashughulikie picha mjini." Nikaenda kwenye duka moja la steshenari. Kijana wa pale akaiskani ile picha ndogo, akakikata kichwa cha babu, akakipandisha juu ya suti nyeusi yenye tai nyekundu iliyokuwa tayari kwenye kompyuta yake, na nyuma akaweka mawingu ya bluu. Kisha akaniuliza, "Nimsafishe kidogo, braza?" Nikamjibu, "Msafishe." Akaanza kufuta. Akafuta mistari ya kipaji cha uso, akafuta mifuko chini ya macho, akafuta kovu la shavuni lililoachwa na mwiba wa mkonge, maana babu alikata mkonge kwenye mashamba ya Korogwe tangu ujana wake. Dakika kumi na tano tu. Nikalipa, nikashukuru, nikapanda bodaboda nikiwa na babu mpya kwapani.

Bibi alipopewa ile picha aliitazama kwa muda, halafu akamuuliza shangazi kwa sauti ya chini, "Huyu nani?" Shangazi akatuambia tusijali, mama haoni vizuri siku hizi. Ni kweli bibi haoni vizuri. Ila siku ile nadhani aliona kuliko sisi wote.

Na picha nzuri tulikuwa nayo. Nilimpiga babu kwa simu yangu likizo iliyotangulia, amekaa kibarazani kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, kola ya shati imechanika, mdomo nusu wazi. Alikuwa katikati ya mabishano juu ya mpaka wa shamba. Baba aliikataa. "Hapo mzee hajajiandaa," alisema. Mimi nikakubali, kwa sababu nilifikiri vilevile.

Muhula uliofuata nilikutana na mzee mwingine, na huyu ndiye aliyenifanya niandike makala hii. Tulikuwa kwenye kipindi cha historia ya Ulaya, mada ni mapinduzi ya Ufaransa ya Julai 1830. Wengi wetu tulikuwa tunasinzia, tuseme ukweli. Mara Dokta akaweka ukutani picha ya mzee mnene aliyekaa kwenye kiti, anatutazama kama vile tumemkatiza maneno. Dokta akasema tu, "Kama mnataka kujua nani alishinda mwaka 1830, mtazameni huyu," kisha akaendelea na somo. Mimi somo halikuendelea. Nilimwona babu yangu pale kibarazani.

Yule mzee anaitwa Louis-François Bertin. Aliyemchora ni Jean-Auguste-Dominique Ingres, mwaka 1832, kwa rangi za mafuta juu ya kitambaa. Picha yenyewe si kubwa sana, ina kimo cha sentimita 116 na upana wa sentimita 95. Leo iko kwenye jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Mimi Paris sijafika, na kwa bumu hili sioni nikifika karibuni. Nimeiangalia kwenye kitabu cha maktaba na kwenye skrini ya simu, usiku, wenzangu wakiwa wamelala.

Itazame nawe ukipata nafasi. Hakuna pazia, hakuna nguzo za mawe, hakuna mbwa wa kuwindia miguuni. Kuna ukuta wenye rangi ya dhahabu iliyofifia, kiti cha mbao chenye mgongo wa mviringo, na mzee. Amevaa koti jeusi, suruali nyeusi na kizibao cha rangi ya kahawia, na mwili umelijaza koti hadi unadhani vifungo vinalalamika. Nywele zake nyeupe zimetimka, hakuna aliyezichana. Upande mmoja wa mdomo unakaribia kutabasamu, upande wa pili umekaza. Ngozi ya shingo inamwagikia kwenye kola. Halafu ile mikono! Ameitandaza juu ya mapaja, vidole vimepanuka, vizito, vimekunjwa kama makucha. Kuna watu walioifananisha na kaa. Ni mikono ya mtu anayetaka kuinuka akujibu.

Bertin alikuwa nani? Hakuwa mfalme wala jenerali. Alikuwa mtu wa magazeti. Mwaka 1799 yeye na ndugu yake walinunua gazeti la Journal des Débats wakaligeuza kuwa moja ya magazeti yenye nguvu Ufaransa. Nguvu hiyo ilimponza. Chini ya Napoleon alifungwa, akapelekwa uhamishoni, na mwaka 1811 serikali ikalitwaa gazeti lake moja kwa moja. Napoleon alipoanguka, Bertin akalirudisha. Mwaka 1829 gazeti likatoa makala iliyomuudhi Mfalme Charles X, na Bertin akafikishwa mahakamani. Alitiwa hatiani, akakata rufaa, akashinda. Mwaka uliofuata Charles X mwenyewe aliondolewa na mapinduzi, akaja Louis-Philippe, mfalme aliyeungwa mkono na watu wa aina ya Bertin: wenye mali, wenye magazeti, wenye benki. Mabwanyenye, kama tulivyofundishwa kidato cha tano. Ndiyo maana Dokta alituambia tumtazame huyo tumjue mshindi.

Kwa hiyo simleti Bertin hapa kama mtakatifu. Alikuwa tajiri na alitetea utawala wa matajiri. Ninachokitafuta kwake ni jinsi alivyochorwa.

Ingres alihangaika na picha hii. Alikuwa na miaka zaidi ya hamsini, fundi anayejulikana, mwanafunzi wa Jacques-Louis David, mtu aliyeishi Italia miaka mingi akisoma kazi za Raphael. Lakini Bertin alimshinda. Alimjaribu akiwa amesimama, ameegemea, na mchoro mmoja wa aina hiyo upo hadi leo. Haukumridhisha. Inasimuliwa kwamba alifikia hatua ya kulia. Mzee alikuwa anakuja, anakaa anavyoambiwa, na anakuwa mtu wa kawaida tu aliyeambiwa akae. Kisha siku moja Ingres akamwona Bertin katika mazungumzo. Masimulizi yanatofautiana juu ya mahali na juu ya waliokuwepo, ila yanakubaliana kwenye jambo kuu: mzee alikuwa anasikiliza hoja ya mwenzake, ameweka mikono kwenye magoti, anasubiri zamu yake ya kujibu, na hakujua kwamba anatazamwa. Hapo Ingres akajua kwamba picha ameipata.

Hapo ndipo niliposimama. Mzee "hajajiandaa". Kile kile alichokikataa baba, ndicho fundi huyu alichokitafuta hadi akatoa machozi.

Sasa linganisha na kazi nyingine ya Ingres huyohuyo. Mwaka 1806, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, alimchora Napoleon kwenye kiti cha enzi. Yaani Napoleon yuleyule ambaye baadaye angelitwaa gazeti la Bertin. Mle ndani kuna kila kitu: taji la majani ya dhahabu, fimbo ya utawala mkono mmoja, fimbo yenye mkono wa haki upande mwingine, mahameli, manyoya meupe, zulia lenye tai, na nyuma ya kichwa mgongo wa kiti unamzunguka kama duara la mtakatifu. Uso wa Napoleon ni laini na mweupe kama sabuni. Hauna hata mstari mmoja. Walioiona Paris mwaka ule hawakuipenda. Mimi nikiiangalia naona kazi ya yule kijana wa steshenari: kichwa kimepandishwa juu ya nguo ambazo zilikuwa tayari.

Mtu mwenye jeshi lote lile alihitaji manyoya, dhahabu na fimbo mbili ili aonekane mkubwa. Bertin amepewa kiti. Kwenye ukingo wa kiti hicho kuna mng'ao mdogo, ukiusogelea unagundua kwamba ni dirisha la chumba linaakisiwa kwenye mbao. Hayo ndiyo mapambo yake. Na bado, ukiwaweka wawili hawa mbele ya darasa la kidato cha tatu ukauliza ni yupi mnamwogopa, mimi najua watakayemnyooshea kidole.

Lakini tusikimbilie kushangilia, kwa sababu picha ya Bertin haikumfurahisha kila mtu. Ilipoonyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1833, wengi walisifu jinsi inavyofanana naye, ila wengine walilalamikia rangi zake, na wengine waliona ukweli umezidi. Hata nyumbani kwake kulikuwa na shida. Binti yake Louise, ambaye mwenyewe alikuwa mtunzi wa muziki na mashairi, inasimuliwa kwamba alilalamika kuwa baba yake ni muungwana mkubwa, na Ingres amemgeuza mkulima mnene.

Louise simcheki. Namwelewa kabisa. Ni baba yangu aliyesema babu hajajiandaa. Ni shangazi aliyetaka tai iwe nyekundu. Mtu unayempenda unataka aonekane kama unavyotaka dunia imheshimu, na dunia tunaijua: inaheshimu suti. Mwenzangu wa chumbani, nilipomsomea rasimu ya makala hii, alinipinga hapohapo. Akaniambia, "Bertin alikuwa na pesa. Tajiri akikaa nywele zimetimka, watu wanasema ana haiba. Babu yako akikaa hivyo, watu wanasema ni maskini. Suti ile ndiyo heshima pekee mliyoweza kumpa. Unamnyima hadi hiyo?"

Hoja hii ilininyima usingizi siku mbili, na sitaki kuipita pembeni. Ina ukweli. Babu hakuwahi kumiliki suti. Pengine angepewa angefurahi, angeivaa Jumapili tatu mfululizo. Kama angeenda mwenyewe studio, akachagua koti, akanyoosha shingo, akasema "nipige hivi," basi hiyo ni picha yake na hakuna mtu wa kumkosoa. Wazee wetu wengi walipiga picha za namna hiyo kwenye studio za mjini, saa mkononi hata kama ni ya kuazima, na mimi nazipenda sana. Pale mtu anajitengeneza mwenyewe.

Ila tulichofanya sisi ni kitu kingine. Hatukumuuliza alipokuwa hai. Tulingoja amefariki, hawezi kusema neno, ndipo tukamvisha. Na hatukuishia kwenye suti, tuligusa ngozi. Lile kovu la mkonge halikuwa aibu yake. Alikuwa akitusimulia habari zake jioni, jinsi lilivyotoka damu na jinsi alivyomaliza hesabu yake ya matita siku hiyo hiyo, na alilisimulia kwa kujidai. Sisi ndio tuliloona aibu. Tulipolifuta hatukumlinda mzee, tulijilinda wenyewe mbele ya wageni wa msiba.

Na mwenzangu anisamehe, lakini hoja yake inaishia kuwaachia matajiri sura zao peke yao. Bertin ana makunyanzi yake Louvre, tangu mwaka 1897 picha ilipochukuliwa na jumba lile, watu wanapanga foleni kuyaangalia. Babu yangu, aliyeyapata ya kwake juani, yeye afutwe? Kama uso wa mtu wa gazeti unastahili kutazamwa ulivyo, uso wa mkata mkonge una kosa gani?

Wengine watasema, aa, hata Ingres alikuwa mwongo. Ni kweli. Huyu ndiye aliyechora mwaka 1814 mwanamke aliyelala, maarufu kama La Grande Odalisque, na wakosoaji wakadai amemwongezea pingili za mgongo. Hakuna picha isiyochagua. Hata kwa Bertin alichagua kiti, pozi na mwanga. Lakini uliza uchaguzi huo ulimsogeza mtu wapi. Kwa Bertin kila kitu kilichochaguliwa kinamsogeza karibu na yeye mwenyewe: mwenye kuudhika haraka, mwenye akili, mwenye kushiba, asiyenyamaza. Kwa babu kila tulichochagua kilimsogeza karibu na mtu yeyote yule. Ile suti imewavaa marehemu wangapi wilayani kwetu, Mungu ndiye anajua.

Miaka saba baada ya picha ya Bertin, mwaka 1839, Paris ilitangaziwa uvumbuzi wa Daguerre wa kupiga picha kwa mashine. Tangu hapo sura ya mtu ikaanza kushuka bei. Kilichomchukua Ingres majaribio na machozi, leo simu inakifanya kabla hujapepesa jicho. Ungetegemea sasa tuwe na sura halisi za wazee wetu nyingi kuliko kizazi chochote. Badala yake simu hiyohiyo inakuja na kitufe cha kulainisha ngozi kimewashwa tayari.

Wenzangu, Novemba ni mahafali. Mnawajua wale wapiga picha wanaokaa nje ya ukumbi na vitambaa vyao vya maua. Mnajua pia wanavyofanya: mama amesafiri siku nzima kwa basi, amevaa kitenge chake kipya, na wiki mbili baadaye picha inarudi mama ana rangi ya karanga zilizomenywa na uso wa msichana wa miaka kumi na tisa. Tunacheka, tunaitundika sebuleni. Watoto wetu watakuja kuuliza huyo dada aliyesimama na baba ni nani.

Nina maombi matatu, na hayahitaji bajeti ya serikali ya wanafunzi.

La kwanza, mwambie mpiga picha asimguse mama wala baba yako usoni. Mwambie kabla ya kulipa, maana ukishalipa hakusikilizi.

La pili, ukienda likizo, usimwambie mzee "tulia nikupige picha." Akitulia ameondoka. Muulize jambo analolijua kuliko wewe, mbishie kidogo kwa adabu, umwache apandishe sauti. Hapo ndipo upige. Na usikate mikono. Picha ya kitambulisho haina mikono, na kwa wazee wetu wengi mikono ndiyo vyeti vyao.

La tatu ni kwa wanaualimu wenzangu. Tukienda mafunzo kwa vitendo tunabeba chati za mifupa na ramani za Afrika. Bebeni na uso mmoja wa mzee. Wape wanafunzi dakika tano za kimya waangalie, kisha uliza: huyu amefanya kazi gani, anamsubiri nani, nini kimemuudhi? Nilijaribu na picha ya Bertin niliyoichapisha kwenye karatasi ya kawaida, darasa la watoto zaidi ya sitini. Binti mmoja wa nyuma, ambaye wiki nzima hakuwahi kunyoosha mkono, alisimama akasema, "Mwalimu, huyu anataka kusema kitu ila wenzake wanaongea." Hakuwa amesoma kitu chochote kuhusu Bertin. Alikuwa ametazama tu. Sisi tunaokwenda kuishi kwa kuwapima watoto wa watu tunauhitaji ujuzi huo kuliko wengine wote, kwa sababu mwalimu asiyeweza kumtazama mtoto alivyo atampandisha kwenye suti iliyo tayari: huyu mzembe, huyu kichwa kigumu, huyu wa kufeli.

Pasaka nilirudi nyumbani. Nilikuwa nimeichapisha ile picha ya kwenye simu, ukubwa wa karatasi ya mtihani, bila kusafisha chochote. Kola imechanika, mdomo nusu wazi, kovu lipo. Baba aliitazama hakusema neno, akaenda kufunga mbuzi. Nikampelekea bibi. Aliishika karibu na macho, akaizungusha kuelekea kwenye mwanga wa mlango, akapitisha kidole juu ya ile mikono.

"Hapa," akaniuliza, "alikuwa anabishana na nani?"